Tumbo la gesi la mtoto wa wiki nne Nyalenda: kila mtu alitibu tumbo, shida ilikuwa kwa kunyonya

Mama mwenyewe alikubali nieleze hiki kisa bora majina yasitoke, kwa hivyo hapa ni mama, mtoto, baba na dani, yaani nyanya, tu. Na wale wa Nyalenda, hapa Kisumu, wanaotaka kubahatisha ni ploti gani wasijisumbue, watoto wanalia kila ploti.

Mtoto ni kijana, kifungua mimba, alizaliwa hospitalini miezi ikiwa imetimia, kilo 3.2, akalia vizuri na akanyonya mapema. Baba ni mtu wa boda. Mama kwao ni Bungoma, hapa Kisumu ameolewa, na mama mkwe alitoka Nyakach kuja kusaidia kulea, ploti nzima inamwita dani. Mimi ni CHP wa hapo, mhudumu wa afya wa jamii, wale wa kutembea nyumba hadi nyumba na begi, na hii boma nilikuwa nimeiandikisha tangu mimba.

Mwanzoni mtoto alikuwa mpole mpaka majirani wanauliza kwani yuko. Wiki ya pili ikiisha akabadilika. Ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza kulia, uso mwekundu, ngumi amekunja, miguu anaivuta mpaka tumboni, tumbo limekaza, anajamba kama mtu mzima halafu analia tena, na hivyo hivyo mpaka saa nne, saa tano usiku, ndio alale akiwa amechoka yeye na nyumba nzima. Mchana ni mtoto mwingine kabisa, anacheza macho. Nilipofika alikuwa anaingia wiki ya nne na mama ameisha, macho yamezama, ananiambia "daktari huyu mtoto ana gesi mbaya, nimejaribu yote". Mimi si daktari lakini hapa mtaani ukibeba begi ushakuwa daktari.

Na kweli alikuwa amejaribu yote. Kemisti alimuuzia Gripe Water, ile dawa ya maji ya gesi ya watoto, anampa nusu kifuniko kabla ya kila kunyonya. Ilipokataa akauziwa matone mengine ya gesi, halafu yule jamaa wa kemisti akaanza kumwambia afikirie fomula maana labda maziwa yake ndio mabaya. Shoga yake alimfundisha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Dani alisema ni yamo, hewa imeingia tumboni, na pia kuna mtu mwenye sihoho, jicho baya, alimwangalia mtoto siku ya kwanza kutolewa nje, kwa hivyo akachemsha manyasi, dawa ya miti shamba, akampa vijiko. Jirani wa mlango wa tatu akasema hapana, hicho ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kuna fundi anakata. Na juu ya hayo yote mama alikuwa amekatazwa maharagwe, ndengu, kabichi na sukuma wiki ati zinampa mtoto gesi, kwa hivyo yeye anaishi na uji, chai na ugali wa supu, na ananyonyesha mchana na usiku. Mtu ananyonyesha hivyo na anakula kama mgonjwa.

Sasa, kabla ya kuongea gesi, mtoto mchanga akilia sana kwanza unatafuta kile kitu ambacho si gesi. Hapa sipendi haraka. Nilimpima joto, 36.8. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili 37.5 kwenda juu ni hospitali leo leo, na chini ya 35.5 pia hospitali, huyo wa baridi watu humsahau. Nikahesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, haikufika 60. Nikauliza kutapika: anacheua maziwa meupe kidogo, si ya kijani. Matapishi ya kijani kama rangi ya nyongo kwa mtoto mchanga hiyo ni dharura, utumbo unaweza kuwa umejipinda au umeziba, hakuna kusubiri asubuhi. Na yale ya kuruka kwa nguvu mpaka mbali kila baada ya kunyonya, hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita, nayo inapelekwa haraka kwa sababu mlango wa tumbo unaweza kuwa umefunga. Choo hakikuwa na damu. Tumbo lilikaza akilia lakini akinyamaza linakuwa laini, ukibonyeza haumii. Analowesha pampasi zaidi ya sita kwa siku.

Halafu nikamvua nguo zote, na hii ndio watu huruka. Angalia kinena, kama kuna uvimbe wa henia. Angalia makende. Angalia vidole vya miguu kimoja kimoja na uume, kwa sababu nywele ya mama au uzi wa braids ukijizungusha kwa kidole unakaza mpaka kinavimba na kubadilika rangi, na mtoto atalia siku nzima watu wakimpaka mafuta tumboni. Huyu hakuwa na kitu. Bado nikawaandikia waende kliniki klinikal ofisa amwone, maana masikio na koo mimi siwezi kuangalia, na wakaenda, wakarudi na jibu kwamba mtoto ni mzima. Kilo 4.5. Hiyo kilo ndio ilinifanya nifikirie, mtoto kawaida anaongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku hiyo miezi ya kwanza, na huyu alikuwa amepita hapo mbali. Mtoto anayenona hivyo hana maziwa mabaya. Kama kuna kitu, ana maziwa mengi kupita.

Nikamwambia mama, mnyonyeshe nione.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akainama, titi likashuka kwa mtoto badala ya mtoto kupandishwa kwa titi. Kwanza akampa ile nusu kifuniko ya Gripe Water. Halafu akaseti alarm kwa kabambe yake, simu ile ndogo ya vitufe, dakika tano. Mtoto alikuwa amelia tayari, mdomo wazi, akashika chuchu peke yake, ile nyeusi inayozunguka yote iko nje. Maziwa yakashuka kwa nguvu, mtoto anagugumia, anakohoa, kila akimeza unasikia ulimi unalia tk, tk, akaachia na maziwa yakaruka kama uzi mpaka kwa leso. Akarudi, akaachia, akarudi. Alarm ikalia, mama akamtoa akiwa bado anavuta akamhamisha upande wa pili, dakika tano tena, mwendo ule ule. Nikamuuliza dakika tano alizitoa wapi, akasema aliambiwa wodini kila upande dakika tano tano ndio matiti yasivimbe. Pengine ilikuwa ya siku za kwanza tu lakini yeye aliibeba mpaka nyumbani kama sheria.

Hapo ndio kisa chote kilikuwa. Ile sauti ya tk ni hewa, mtoto ameshika pabaya kila mkupuo anameza na hewa juu. Akikohoa na kuachia anavuta hewa tena. Akianza kunyonya akiwa amelia kwa muda, tumbo lishajaa hewa kabla ya maziwa, kilio chenyewe kinamezesha hewa, na watu hudhani gesi ndio inaleta kilio kila wakati kumbe mara nyingi kilio ndicho kinaleta gesi.

La pili ni zile dakika tano. Maziwa ya mama hayako sawa mwanzo mpaka mwisho. Titi likiwa limejaa yanayotoka kwanza ni mepesi, mafuta kidogo, na titi likiendelea kuisha mafuta yanaongezeka. Mama mwenye maziwa mengi akibadilisha upande mapema, mtoto anakunywa mepesi huku, anakunywa mepesi kule, anashiba kwa wingi bila mafuta ya kutosha, na mafuta ndiyo yanayofanya maziwa yapite polepole. Yakipita mbio, sukari ya maziwa inafika chini kabla haijasagwa yote, na wadudu wazuri wanaokaa huko wanaichachusha, inatoa povu na gesi na uchachu kama uji wa wimbi uliofunikwa siku mbili kwa joto la Kisumu. Nikauliza rangi ya choo. Kijani, ya povu, inatoka kwa kishindo, na matako yamekuwa mekundu. Nilikuwa nangojea tu hilo jibu. Hii si kwamba mtoto amekataa maziwa kama yule anayeambiwa hana uwezo wa kusaga sukari, huyo wa kuzaliwa hivyo ni nadra sana na hanoni. Huyu anasaga, amezidiwa tu na mzigo.

Kwa hivyo Gripe Water, matone, maji ya sukari na manyasi vyote vilikuwa vinapigana chini na vita viko juu, kwa mdomo na kwa alarm.

Niseme kidogo kuhusu Gripe Water kwa sababu kila nyumba hapa ina chupa. Ilianza Uingereza, Nottingham, 1851, mfamasia kwa jina William Woodward, na ile ya zamani ilikuwa na pombe, bikaboneti, mafuta ya mbegu za bizari na sukari. Mimi naamini watoto wengi wa enzi hizo walinyamaza kwa pombe na utamu, wala si gesi kutoka. Siku hizi pombe imetolewa lakini ushahidi kwamba inasaidia bado haupo, na matone ya gesi ya simethikoni nayo yakijaribiwa dhidi ya dawa bandia hayajaonyesha tofauti ya maana kwa koliki, yaani hiki kilio kirefu cha mtoto mzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita shida yangu kubwa ni kile kinachochukua nafasi ya maziwa na usafi wa kijiko. Maji ya sukari ni hivyo hivyo, na mji wenyewe huu tunajua kipindupindu. Asali kabisa usijaribu kabla mwaka mmoja, kuna sumu ya bakteria inaweza kupooza mtoto.

Kimio nilikuwa mkali. Nikamwambia baba mbele ya dani kwamba fundi akigusa koo la huyo mtoto na wembe au waya, mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na kilio chake hakitoki kooni. Na wale wanaong'oa wanachoita meno ya plastiki, ambayo ni meno ya utotoni yasiyoota bado, kwa ufizi wa mtoto mchanga ni kundi hilo hilo. Dani kwa hilo aliniunga mkono kabisa, akasema kwao Nyakach alishaona mtoto akiharibiwa.

Na dani mwenyewe nisimchoree picha mbaya. Aliposema hewa imeingia tumboni alikuwa karibu kuliko kemisti. Nikamuomba tu kitu kimoja, kisipite kitu kwa mdomo wa mtoto isipokuwa maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa hospitalini, na nikamwambia kazi yake ya jioni itakuwa kubwa zaidi kuliko ya manyasi. Akanitazama kwanza. Halafu akasema sawa nyathina, mwanangu, tuone.

Tulichobadilisha ni hivi. Alarm ikazimwa. Mtoto amalize titi moja, aachie mwenyewe, na kama bado anataka ndio apewe la pili, na akirudi baada ya muda mfupi arudishwe kwa lile lile la kwanza. Kwa sababu huyu mama maziwa yalikuwa mengi kweli, nesi wa kliniki alimwambia akae na upande mmoja kwa masaa kama matatu kabla ya kuhama, na ule mwingine ukivimba akamue kidogo tu apate nafuu, asiukamue wote maana utatengeneza mengine. Hii ya upande mmoja si ya kila mtu. Mama ambaye maziwa yake ni ya kawaida akiifanya anaweza kuyapunguza mtoto akakonda, na yule wa mengi akiifanya bila kuangalia anaweza kupata uvimbe wa titi na homa, ndio maana nasisitiza aliambiwa kliniki na kilo zikafuatiliwa.

Mkao nao. Aegemee nyuma, mito miwili mgongoni, mtoto alale juu yake tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande badala ya kumwagika kooni. Chuchu iguse pua ya mtoto kwanza, asubiri afungue mdomo kabisa, halafu amvute kwake kwa mgongo, asimsukume kichwa. Kidevu kiguse titi, na ile nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mara ya kwanza ilichukua muda na mama alikuwa anacheka anasema ni kama kufundisha mtu kuendesha gari kinyumenyume, lakini akishika vizuri ile tk ikapotea, tukabaki tunasikia kumeza tu. Na asisubiri kilio. Akianza kugeuza kichwa, kula mkono, kulamba midomo, huyo ameomba tayari.

Kubeulisha tuliendelea lakini bila vita. Wamama wengi wanampiga mtoto mgongo nusu saa wakingoja ile sauti. Kuna utafiti ulifanywa Chandigarh, India, ukachapishwa 2015, mama na watoto 71, waliofundishwa kubeulisha na wale hawakufundishwa, na koliki haikupungua, kucheua ndio kuliongezeka. Kwa hivyo mwinue begani au mkalishe pajani umeshika kidevu, mpapase dakika chache, isipotoka achana nayo.

Mama akarudishiwa chakula chake, maharagwe, sukuma, kabichi na omena. Gesi ya maharagwe inatengenezwa kwa utumbo wa mama inaishia hapo hapo, haipandi kwa damu ikaingia kwa titi. Kile kinaweza kupita ni protini ya maziwa ya ng'ombe, na kwa watoto wachache inasumbua kweli, lakini huyo mara nyingi utaona damu au kamasi kwa choo, vipele vya ngozi, au haongezi kilo. Hapo ndio unaambiwa na kliniki uache chai ya maziwa, mala na siagi wiki mbili hadi nne uone. Huyu hakuwa na hata moja, sikuona sababu ya kumnyima chai.

Jioni sasa, ile saa mbaya. Haikuisha kwa kurekebisha titi, na nilikuwa nimewaambia mapema isiwavunje moyo. Watoto wengi wazima kilio kinapanda mpaka karibu wiki ya sita halafu kinashuka, na kwa miezi mitatu au minne kimeisha hata usipofanya kitu. Hesabu ya zamani ya koliki, ya daktari Mmarekani Morris Wessel mwaka wa 1954, ni kilio cha zaidi ya masaa matatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa mtoto mwenye afya anayekula vizuri. Huyu alikuwa amefika hapo. Kwa hivyo mpango ulikuwa kupitisha hayo masaa bila mtu kuharibika.

Dani alichukua zamu ya kwanza. Anaanza kumbeba saa kumi na moja na nusu, kabla hajaanza, kwa leso akiwa wima kifuani, kichwa kimeshikwa na pua iko wazi, anatembea nje kwa ploti upepo wa ziwa ukivuma. Huko Montreal, Kanada, walijaribu 1986, watoto waliobebwa zaidi kutwa walilia kidogo kwa asilimia 43 wakiwa wiki sita, ingawa kwa wale walikuwa na koliki tayari haikuonyesha nguvu hivyo. Mimi sikutegemea muujiza, nilitaka mama alale hiyo saa. Akilia akiwa amebebwa, dani anamgeuza analala kwa mkono wake kifudifudi, tumbo juu ya mkono, kichwa kwa kiwiko, na huo ndio mkao aliupenda zaidi. Kupapasa tumbo ni kwa viganja vilivyosuguliwa vikapata moto, mafuta kidogo, kuzunguka upande wa mshale wa saa kwa sababu ndio njia ya utumbo mkubwa, halafu miguu inakunjwa taratibu kama anapiga baiskeli, na si mara tu baada ya kunyonya. Mara nyingi anajamba hapo hapo na dani anampongeza kwa Kijaluo. Kitambaa cha moto tulikataa, ngozi ya mtoto inaungua na joto ambalo mkono wako hausikii. Na tukamvua yale matabaka, alikuwa amefunikwa boshori na shali mbili kwa joto la Kisumu, mtoto mwenye joto analia tu. Kulala ni chali kila wakati, kifudifudi ni kwa mkono wa mtu aliye macho.

Baba nilikaa naye pembeni. Nikamwambia ukisikia hasira inapanda, na itapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, atalia na hatakufa kwa kulia, lakini ukimtikisa ubongo unaweza kuvuja damu usiku huo huo. Alinyamaza kidogo, akasema kuna siku alikuwa karibu. Wanaume hawaulizwi hii maneno. Akachukua zamu ya saa tatu akitoka steji.

Choo kilirudi njano ndani ya siku chache, povu likaisha, matako yakapona. Kugugumia kukapungua. Kilio cha jioni kikafupika, si masaa matano tena, ikawa kama mawili, na usiku mwingine hakuna, halafu wiki ya sita kikapanda tena kidogo na chanjo zikaingia hapo, mama akanipigia ameogopa, nikamuuliza joto, choo, pampasi, kunyonya, yote sawa, tukaendelea. Matiti yalipotulia akaacha ile ya upande mmoja. Miezi mitatu haijaisha vizuri jioni zikawa za kawaida.

Sasa nini kilisaidia? Choo cha kijani na ile tk nina uhakika ni mkao na dakika tano, zilibadilika haraka mno kuwa bahati. Kilio, sehemu yake ilikuwa umri, na yeyote angekuwa amempa chochote wiki zile kilio kinashuka angeapa ndicho kilimponya. Kemisti bado anawaambia wateja kwamba yale matone ya pili ndiyo yalifanya kazi, ni polepole tu. Dani naye anasema ni kubebwa, na wazazi wa ploti ya pili wamemuita tayari.